Sauti Moja Katika Darasa la Watoto Mia

Kila mwaka mwanzoni mwa Februari, shule za msingi zifunguliwapo kwa muhula wa kwanza, huonekana katika njia za Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga vijana wa kike na wa kiume wakitembea na bahasha za kaki mikononi. Ndani ya bahasha mna cheti cha ualimu na barua ya kuripoti kazini. Kijana huyo amesoma saikolojia ya mtoto, amefundisha masomo ya majaribio huku mkufunzi ameketi nyuma ya darasa akiandika, na anajua kupanga azimio la kazi la muhula mzima kwa mwandiko wa kupendeza. Kisha Mwalimu Mkuu humfungulia mlango wa darasa la pili. Watoto 98 husimama kwa kishindo na kumwamkia kwa sauti moja, na nusu ya aliyojifunza chuoni humtoka palepale, yakatawanyika kama vifaranga waliomwona mwewe.

Idadi hiyo isimvunje moyo, kwa maana ina historia yake. Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulianza nchini Uganda Januari 1997, baada ya Rais Yoweri Museveni kuahidi katika kampeni za 1996 kwamba watoto wanne wa kila familia watasoma bila ada. Katika mwaka mmoja wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka kiasi cha milioni 3 hadi kupita milioni 5. Madarasa hayakuongezeka kwa kasi hiyo, wala walimu, wala madawati. Tangu hapo yamejengwa mengi na wameajiriwa wengi. Hata hivyo katika shule za serikali za jijini, hasa madarasa ya chini, watoto 80 au 100 mbele ya mwalimu mmoja si jambo la ajabu. Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 imeelekeza kwamba kila mwalimu, hata wa shule ya msingi, awe na shahada. Ni jambo jema. Ila mwenye shahada na mwenye cheti hufunguliwa mlango uleule, wakawakuta watoto walewale.

Mengi ayapasayo mwalimu mpya kuyafanya siku za kwanza ni ya kawaida, na maneno machache yanayatosha. Afike kabla ya kengele. Autazame ubao kama umechakaa hata chaki haishiki, maana ubao wa namna hiyo huwanyima maandishi walioketi nyuma, na aombe rangi mapema kabla fedha za muhula hazijakwisha. Afute ubao kwa kitambaa kibichi, si kikavu, ili vumbi lisimwingie yeye na watoto vifuani. Awe na chupa ya maji, kwani koo la mwalimu wa madarasa ya chini huchoka kabla ya miguu.

Liko jambo moja, hata hivyo, ambalo halimo katika mazoea ya siku za kwanza, na ambalo likikosekana mengine yote huwa mapambo. Jambo hilo ni kumsikia kila mtoto peke yake.

Mtu akipita kando ya shule ya msingi jijini saa tatu asubuhi, atayasikia mafundisho kabla ya kuyaona. Mwalimu hutamka nusu ya neno na kuiachia hewani. Watoto humalizia nusu iliyobaki. Mwalimu husema, “Mji mkuu wa Uganda ni Kampa...”, nalo darasa hupaza, “...la!” Kisha huuliza, “Tumeelewa?” Hujibiwa, “Ndiyo, mwalimu!” kwa nguvu hata ndege wakaruka mwembeni. Mazoea haya yana asili inayoeleweka. Vitabu vikiwa haba, sauti ndiyo kitabu, na sauti ya wengi humpa moyo mnyonge. Jedwali la kuzidisha, wimbo wa herufi, majina ya siku na miezi, hayo hukaa kichwani kwa kurudiwa pamoja, wala hapana sababu ya kuyaondoa. Ubaya ni pale mwalimu anapouchukua ukelele wa darasa kuwa ni ushahidi. Katika sauti ya watoto mia, thelathini wakijua na sabini wakiwafuata nyuma kidogo tu, sikio la mtu halitambui tofauti.

Uchukuliwe mfano wa mwalimu wa kike aliyepangiwa darasa la pili katika shule iliyo karibu na mabonde ya Bwaise. Kwa majuma matatu aliamini kwamba darasa lake linasoma. Kila asubuhi aliandika ubaoni sentensi tano, akazionyesha kwa ufito moja baada ya moja, nao wakazisoma kwa pamoja bila kosa. Mwanzoni mwa Machi ilinyesha mvua kubwa, wengi wasifike, naye akiwa na fikira za mbali akaonyesha sentensi ya tatu kabla ya ile ya kwanza. Watoto, isipokuwa wachache, waliisoma ya kwanza. Hawakuwa wakisoma ubao hata kidogo. Walikuwa wakikumbuka mfuatano. Mstari wa mbele aliketi msichana mwenye sauti kubwa kuliko wote, ambaye mwalimu alikuwa amemfanya kiongozi wa kusoma. Alipoitwa kando na kuonyeshwa herufi moja moja, alitambua sita tu. Zilizobaki alizitazama, kisha akatazama chini.

Mtoto wa namna hiyo si mvivu wala si mjinga. Ni mwerevu mno, kwani amevumbua njia ya kuishi mwaka mzima darasani bila kugunduliwa. Na utaratibu wa shule humsaidia kujificha, maana chini ya mpango wa elimu kwa wote mtoto hupanda darasa pamoja na wenzake hata kama hajui. Nia ya utaratibu huo ni njema, kwa sababu mtoto arudishwaye nyuma mara mbili huiacha shule. Walakini asiyejua herufi darasa la pili hukuta darasa la tatu hakuna anayefundisha herufi tena. Akivumilia hadi la saba, atakutana na mtihani wa Baraza la Mitihani la Taifa wenye karatasi nne: Kiingereza, hisabati, sayansi na maarifa ya jamii. Karatasi zote nne sharti zisomwe ndipo zijibiwe, na pale hakuna wa kuitikia naye.

Jambo hili si dhana ya mtu mmoja. Shirika la Uwezo, ambalo kuanzia miaka ya 2009 na 2010 liliwapima watoto wa Kenya, Tanzania na Uganda nyumbani kwao, lilikuta mara kwa mara kwamba walio wengi wa darasa la tatu nchini Uganda hawawezi kusoma na kuelewa hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Kipimo chake kilitokana na kile kilichoenezwa nchini India mwaka 2005 na shirika la Pratham. Kinachomfaa mwalimu hapa kuliko tarakimu ni ile namna ya kupima: mpimaji huketi chini na mtoto mmoja, akampa karatasi moja, akanyamaza na kusikiliza. Haikuhitaji mashine wala ofisi. Halafu likaja janga la korona. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu hata Januari 2022. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Februari 2020 alikuwa amekaa darasani majuma machache tu, kisha akakaa nyumbani karibu miaka miwili. Mwalimu aliyewapokea watoto hao akafungua kitabu ukurasa wa kwanza wa darasa lao jipya kana kwamba hakuna lililotokea, alifundisha dawati.

Karatasi hiyo ya kupimia mwalimu aweza kuitengeneza mwenyewe jioni moja kwa mwanga wa taa. Juu aandike herufi kumi, zisiwe katika mfuatano wa alfabeti, kwa sababu mfuatano ni wimbo na mtoto ataimba. Chini yake aandike maneno kumi mafupi ya vitu ambavyo mtoto huviona kila siku. Chini ya hayo sentensi nne fupi. Mwisho kisa cha mistari sita au saba, na maswali mawili ya kuuliza kwa mdomo. Atengeneze karatasi mbili zenye maneno tofauti, maana watoto wa mjini ni wepesi. Atakayesomeshwa asubuhi atawasimulia wenzake kabla ya uji, na kufikia mchana nusu ya darasa watakuwa wameikariri.

Mtoto mmoja huhitaji kiasi cha dakika tatu. Watoto 10 kwa siku ni nusu saa, na katika majuma mawili ya siku tano tano wote 98 watakuwa wamesikika. Nusu saa hiyo haipatikani kwa mkupuo. Watoto watatu huweza kusikilizwa kabla ya kengele, kwa maana katika kila shule wako wafikao alfajiri kwa kuwa mama huwaacha akielekea sokoni Kalerwe au Owino. Wawili wakati wa mapumziko. Waliobaki, wenzao wakiwa wananakili. Mahali pawe pembeni, mtoto awape wenzake mgongo. Mwalimu akae kwenye kiti kifupi au hata mkekani, uso wake uwe usawa na wa mtoto; mwalimu asimamaye juu ya mtoto hupata kimya, akadhani ni ujinga. Mtoto akikwama asiambiwe amekosea. Arudishwe ngazi moja chini, asome kile anachokiweza, ndipo aondoke. Hivyo atapenda kuitwa tena.

Matokeo yaandikwe katika daftari la kawaida, kila mtoto mstari mmoja: herufi, maneno, sentensi au kisa. Mwalimu asitie alama za asilimia. Asilimia humpendeza mkaguzi, lakini haimwambii mtu kesho asubuhi afundishe nini.

Kumwita mtoto mmoja mmoja kwahitaji kumjua jina, na majina ya Kampala yana mitego yake kwa mgeni. Katika desturi ya Waganda mtoto hupewa jina la ukoo wake bila kulazimika kubeba la baba, hivyo ndugu wawili wa tumbo moja huweza kuwa na majina yasiyofanana hata herufi. Mwalimu aliyekulia kwingine asidhani rejista imekosewa, wala asimhoji mtoto mbele ya wenzake kwa nini haitwi kama baba yake. Pacha nao wana majina yao: Wasswa na Kato kwa wavulana, Babirye na Nakato kwa wasichana, na awafuataye huitwa Kizza. Kwa Waacholi na Walango ni Opio na Ocen, Apio na Acen. Darasa la watoto mia huweza kuwa na akina Kato watatu, na mwalimu akiita “Kato!” watatu huinuka, au mbaya zaidi, hakuna ainukaye. Ajifunze majina mawili mawili. Akate vipande vya maboksi, aandike jina kwa herufi kubwa, avitundike shingoni kwa uzi juma la kwanza. Kazi hiyo ina faida ya pili, kwani neno la kwanza ambalo mtoto hutaka kulisoma duniani ni jina lake.

Majuma mawili yakiisha, mwalimu hugundua kwamba hana darasa moja bali manne katika chumba kimoja. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na kwa kweli hapana haja. Asijaribu kufundisha masomo manne kwa siku nzima. Atenge nusu saa moja kila asubuhi, watoto wakae kwa kadiri ya wanachokiweza badala ya kukaa kwa dawati, kisha baada ya nusu saa warudi mahali pao na somo la kawaida liendelee. Katika nusu saa hiyo yeye mwenyewe aketi na kundi la herufi. Walio na kisa wasome wawili wawili na kusimuliana. Wenye sentensi wapange upya vipande vya maneno. Wenye maneno walinganishe kadi na picha. Si vyema kumfanya mtoto hodari kuwa mwalimu msaidizi kila siku. Huyo naye aliletwa shuleni ajifunze, na wazazi wake wana haki ya kuuliza.

Vifaa havihitaji fedha nyingi. Vifuniko vya soda vya kuhesabia hupatikana katika kila duka la vinywaji kwa kuomba tu. Kwa chati, walimu wengi wa Uganda hutumia magunia. Gunia la sukari au la mchele hufumuliwa mshono, likafuliwa na kuanikwa. Uji mzito wa unga wa muhogo hupikwa, ukapakwa mwembamba pande zote mbili kwa kitambaa, na gunia likaachwa juani hata likauke na kukakamaa. Hapo huandikika kwa rangi au kwa kalamu nene, likadumu kuliko karatasi ya manila, ambayo darasani mwenye madirisha yasiyo na vioo huchanika kabla ya muhula kwisha. Litundikwe juu, mbali na sakafu, maana panya na mende huupenda wanga kuliko wanafunzi wanavyoipenda hisabati.

Juu ya lugha, mwalimu awe na subira. Mtaala wa mada ulioanza kutumika kwa darasa la kwanza mwaka 2007 unataka madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya mahali, la nne liwe la mpito, kisha Kiingereza kishike hatamu. Mijini, ambako lugha zimechanganyika, shule zimeruhusiwa kutumia Kiingereza tangu mwanzo, na lugha ya mahali ikawa somo. Matokeo yake ni kwamba katika chumba kimoja cha Kampala huketi mtoto wa Kiganda, mtoto aliyeletwa kutoka Gulu kukaa kwa shangazi, Mkongo wa Katwe au Nsambya anayezungumza Kiswahili, na Msomali wa Kisenyi. Wote wanne wakaulizwa kwa lugha ambayo hakuna kati yao aizungumzaye nyumbani. Mtoto asiyejibu huandikwa kuwa ni mzito. Yampasa mwalimu, kabla ya kuandika neno hilo, apeleleze ni lugha gani mtoto huyo huitumia akichokozwa uwanjani. Kisha amwulize jambo lilelile kwa lugha hiyo, au amtafute mkubwa wa darasa la sita amwulize kwa niaba yake. Kiswahili kinaweza kuwa daraja kwa baadhi yao, na kisionekane kuwa mzigo mpya kwa sababu tu Baraza la Mawaziri liliamua Julai 2022 kwamba kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Irabu zake ni tano kama za Kiganda, na mtoto aliyekwisha kusoma Kiganda huweza kukitamka Kiswahili kilichoandikwa kabla hajakielewa.

Na fimbo? Swali hili huulizwa na kila mwalimu mpya, aghalabu kwa sauti ya chini. Wizara ya Elimu iliikataza shuleni kwa waraka wa mwaka 2006, na marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yakaifanya adhabu ya viboko shuleni kuwa kosa la kisheria. Bado wako wazee katika chumba cha walimu watakaomwambia kijana kwamba darasa la watoto mia haliendeki bila fimbo. Awasikilize kwa adabu, asiwafuate. Sheria peke yake ni sababu ya kutosha, lakini iko na ya pili inayohusu kazi yenyewe: mtoto aliyechapwa kwa kusoma vibaya hajifunzi kusoma vizuri, hujifunza kujificha ndani ya sauti za wenzake. Fimbo ndiyo inayomtengeneza yule mwimbaji asiyejua herufi. Kimya hupatikana kwa njia nyingine. Mwalimu apige makofi kwa mahadhi, darasa lirudie, apige tena kwa polepole zaidi hata mikono itulie. Ashushe sauti badala ya kuipandisha, kwa sababu apigaye kelele ili apate kimya ameongeza sauti ya tisini na tisa juu ya zile tisini na nane. Asogee karibu na mchokozi, asimame hapo, aendelee kufundisha bila kumtaja. Na asiwaache wakae bila kazi. Ghasia nyingi za darasa kubwa huanza katika zile dakika tano ambazo mwalimu anatafuta chaki.

Kusoma kufundishwe asubuhi. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inaweka chakula cha mtoto mikononi mwa mzazi, na wako wazazi ambao mikono hiyo ni mitupu. Saa nane mchana mtoto aliyekunywa chai kavu alfajiri hatazami ubao, hulitazama dirisha. Mchana uwe wa nyimbo, michoro, mazoezi ya viungo na hadithi za kusikiliza. Vivyo hivyo siku za masika. Mvua ikinyesha usiku kucha, mfereji wa Nsooba hufurika na njia za Bwaise hazipitiki. Watakuja watoto arobaini waliolowa. Siku kama hiyo isianzishwe mada mpya, kwa kuwa itabidi irudiwe kesho. Iwe siku ya kuwasikiliza wale waliofika, na pengine ndiyo siku bora kuliko zote kwa kazi hiyo.

Kusahihisha nako kwahitaji hesabu. Madaftari 98, kila moja kwa dakika mbili, ni zaidi ya saa tatu, na hilo ni somo moja tu. Mwalimu aliyeapa kusahihisha yote kila siku atayaacha yote juma la nne. Afadhali achukue ishirini kwa siku, kwa zamu inayojulikana, ayasome kwa makini na kuandika neno moja la kumwongoza mtoto. Mengine ayapitie kwa kalamu akitembea kati ya madawati. Tena aangalie asije akaweka vema kwenye kilichonakiliwa. Wako watoto wanaonakili ubao wote kwa mwandiko safi bila kujua hata neno moja la walichoandika. Mwandiko mzuri humdanganya mwalimu kama vile sauti kubwa.

Limebaki la wazazi, ambao huogopwa na walimu wapya kuliko wakaguzi. Katika Kampala mlezi wa mtoto mara nyingi ni bibi, jjajja kama aitwavyo, kwa sababu mama yuko kazini au yuko ng'ambo. Jjajja akiitwa shuleni huja amevaa gomesi yake ya kanisani, akidhani mtoto amevunja kitu. Mwalimu amwinukie, ampe kiti, amwulize habari za nyumbani kabla ya habari za daftari. Yule mwalimu wa Bwaise alimwita bibi wa msichana mwenye sauti kubwa, akamweleza alivyomkuta.

“Mwalimu, mimi sikwenda shule,” bibi alisema. “Nitamsaidia kwa lipi?”

“Jjajja, masikio yako yanatosha. Kila jioni kabla ya chakula mwambie akusomee ukurasa huu mmoja. Akikatakata maneno kama mtu avukaye kijito kwa mawe, mwache, atafika. Akisoma kama anavyozungumza, mpongeze. Akinyamaza kabisa, usimgombeze. Niletee kesho asubuhi.”

“Na akinidanganya?”

“Mwonyeshe mstari wa chini kwanza, Jjajja. Kisha wa juu.”

Bibi alicheka, maana alilifahamu mara moja. Aliondoka na ule ukurasa ameukunja ndani ya leso.

Katika juma la mwisho la muhula wa tatu, shule ikiwa katika ghasia za ripoti na sherehe, daftari lile la mistari 98 hubaki katika mkoba wa mwalimu, na wengi huondoka nalo hata likapotea. Lisiondoke. Mwalimu wa darasa la tatu atafutwe kabla ya likizo, akabidhiwe mkononi, wala lisiachwe mezani, na wawili hao waketi nusu saa walipitie mstari kwa mstari. Katika daftari la mwalimu wa Bwaise mstari wa yule msichana ulisomeka hivi: Machi, herufi sita. Mei, maneno manne. Septemba, sentensi, akisitasita. Novemba, kisa chote, swali la pili hakujibu. Asomeshwe asubuhi. Akae kwa bibi yake, bibi husikiliza.